Chenringi Moja Inatosha: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Gia za Baiskeli ya Mlima Nairobi

Udongo mweusi wa Ruai ukinyeshewa siku tatu haukanyagwi, unakupanda. Unaanza na matairi, unajaza breki, halafu unatafuta pa kulala: ile nafasi nyembamba kati ya direla ya mbele na tairi la nyuma. Usiku unakauka. Asubuhi unabonyeza shifta ya mkono wa kushoto, hakuna kinachosogea. Unabonyeza tena kwa hasira, waya unakatika. Mimi nilikata nyaya tatu katika masika moja kabla ya kujiuliza: hii gia ya mbele kwani naitumia kwa kazi gani?

Tuelewane kwa majina kwanza, maana kila fundi ana yake. Chenringi ni sahani ya meno iliyofungwa kwenye krenki, yaani ule mkono unaoshika pedali. Baiskeli nyingi za mlima za mitumba huja na tatu. Sproketi ni zile za gurudumu la nyuma, na rundo lake zima huitwa kaseti au friwili, kutegemea lilivyofungwa. Direla ni kile kifaa chenye springi kinachohamisha cheni. Iko ya mbele na iko ya nyuma. Shifta ni ile ya usukani unayobonyeza kubadilisha gia. Hanga ni kipande cha fremu kinachoshikilia direla ya nyuma. Kazi iliyo mbele yetu ni kuondoa chenringi mbili kati ya tatu, direla ya mbele, waya wake na shifta yake. Uzito utakaopungua ni kama nusu kilo, ingawa mimi sikuifanya kwa sababu ya uzito. Niliifanya kwa sababu kile ambacho hakipo hakijai matope.

Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, imekuwa na chenringi moja tangu zamani na hakuna aliyeisifu kwa hilo. Upande wa baiskeli za mlima, kampuni ya SRAM walitoa mfumo wa XX1 mwaka 2012, chenringi moja mbele na sproketi 11 nyuma, za meno 10 hadi 42, na baada ya hapo viwanda vingine vikafuata. Ukiingia leo kwenye duka la baiskeli mpya za bei ya kati, direla ya mbele utaitafuta. Lakini wewe na mimi tunaendesha baiskeli iliyoshuka kwenye kontena ikiwa na gia 21, 24 au 27, na ndiyo tunayotaka kuigeuza bila kuuza nyingine ili kulipia.

Jaribio lisilogharimu kitu

Kabla hujatoa shilingi, weka cheni kwenye chenringi ya katikati, ifunge shifta ya kushoto kwa selotepu, kisha uendeshe hivyo wiki mbili. Nenda unakoenda kila siku: kazini, sokoni, msitu wa Karura Jumamosi. Kila mara mkono wa kushoto ukitamani kubandua selotepu, kumbuka ulikuwa wapi na ulitaka nini, gia nyepesi au gia ya mbio.

Nairobi ni miji miwili kwa miguu ya mwendesha baiskeli. Mashariki, kuanzia Jogoo Road hadi Donholm na Embakasi, ni tambarare. Mtu wa huko anaweza kukaa mwezi mzima bila kuigusa chenringi ndogo. Magharibi na kaskazini ni migongo na mabonde. Mito inashuka kutoka nyanda za juu kuelekea mashariki, na barabara inayoikata mito hiyo inapanda na kushuka bila kukuuliza. Anayeishi Kitisuru au anayepitia Lower Kabete Road ananielewa. Halafu kuna wale wa wikendi wanaopanda Limuru au kwenda kwenye mitambo ya upepo ya Ngong, ambako vilima vinafika karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari ilhali katikati ya jiji ni kama 1,700. Hao wasiende dukani kabla ya kusoma sehemu inayofuata.

Hesabu ya mlima

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Ninunue chenringi ya meno mangapi?" Anza na mlima wako mbaya kuliko yote. Upande kwa gia unayoimudu, usimame juu, upumue, kisha uhesabu meno ya chenringi na ya sproketi ambayo cheni imekalia. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma. Namba unayopata ndiyo mahitaji yako, na vingine vyote vitafuata hiyo.

Tuseme ulipanda kwa chenringi ya 22 na sproketi ya 28. 22 kwa 28 ni 0.79. Ukiweka chenringi moja ya 32 na kaseti inayoishia 42, gia yako nyepesi itakuwa 0.76, na umepona. Lakini ukiweka 32 hiyo hiyo kwenye kaseti yako ya zamani inayoishia 32, unapata 1.0 kamili, na kwenye ule mlima utashuka usukume baiskeli. Kama ulipanda kwa 22 na 32, yaani 0.69, tafuta chenringi ya 30 na kaseti ya 42 (0.71), au kubali kwamba magoti yako yanahitaji chenringi tatu. Kukubali si aibu. Anayebeba mizigo, anayevuta mtoto kwa kiti cha nyuma, au anayesafiri Nairobi hadi Naivasha na mifuko minne, mimi humwambia aache baiskeli yake ilivyo.

Utakachopoteza ni upande wa juu. Kwa gurudumu la inchi 26 na pedali mizunguko 80 kwa dakika, 42 kwa 11 inakupa kama kilomita 38 kwa saa. 32 kwa 11 inakupa 29. Kwenye mteremko wa Thika Road utakuwa unazungusha miguu hewani huku matatu zikikupita. Zingekupita vilevile.

Utakachodhani unapoteza ni idadi ya gia, "kutoka 24 hadi 8!" Hesabu tena. Katika 24 hizo, 42 kwa 21 ni 2, na 22 kwa 11 ni 2 vilevile. Nyingi zinajirudia, na nyingine zinaipinda cheni kiasi kwamba hupaswi kuzitumia. Ulikuwa na gia kumi na kitu zenye maana. Unaenda kuwa na nane au tisa.

Chunguza baiskeli uliyonayo

Pindua baiskeli, washa tochi ya simu. Kuna mambo matatu ya kuangalia, na lolote kati ya hayo linaweza kubadilisha bajeti yako.

La kwanza ni krenki. Ukiona bolti nne zinazofungwa kwa aleni kii kwenye chenringi kubwa, una bahati: chenringi zinafunguka. Pima umbali kati ya bolti mbili zilizo jirani, katikati hadi katikati. Ikiwa ni milimita 73 au 74, duara lake ni la milimita 104, kipimo kilichoenea kuliko vyote, na chenringi zake hupatikana kirahisi. Kwenye duara hilo 32 ndiyo ndogo ya kawaida. Ya 30 ipo, ila hutengenezwa na nyuzi zake mwenyewe ndani ya matundu. Badala ya bolti ukiona misumari iliyopondwa, yaani riveti, chenringi hizo hazitoki. Nimeona mafundi wakizikata kwa grinda na kufunga nati za gari. Inashika kwa muda, kisha inaanza kuyumba. Nunua krenki nyingine, hata ya mtumba.

La pili ni gurudumu la nyuma. Baiskeli ya sproketi 7 kwenda chini huwa na friwili, ambayo hujifunga kwa nyuzi kwenye habu, kile kiini cha gurudumu, kama kifuniko cha chupa. Ya 8 kwenda juu kwa kawaida ina kaseti. Kuhakikisha, zungusha sproketi kinyumenyume ukitazama katikati: ikiwa kile kiduara chenye mikato kinazunguka pamoja na sproketi, ni kaseti, kikisimama tuli, ni friwili. Hili ndilo huamua mambo. Friwili ya kawaida ya meno 14 hadi 28 ukiiwekea chenringi ya 32 inakupa 1.14 mlimani na kilomita 23 kwa saa kwenye tambarare, hasara pande zote mbili. Ipo ya Shimano ya 14 hadi 34, ambayo inaruka kutoka 24 moja kwa moja hadi 34. Unaposhusha gia unahisi kama umekanyaga ngazi isiyokuwepo, lakini mlimani inafaa, na kwa mtu wa Donholm inatosha kabisa. Mwingine yeyote mwenye friwili aweke pesa zake kwenye gurudumu la kaseti kwanza. Ekseli ya friwili yenyewe hupinda kirahisi kwa sababu beringi yake ya kulia iko mbali na fremu, na mashimo ya barabara zetu yanamalizia kazi.

La tatu ni shifta ya kushoto. Ikiwa imefungwa peke yake, inatoka kwa bolti moja. Ikiwa imeunganishwa na mkono wa breki, na mitumba mingi iko hivyo, una njia mbili: utoe waya na uiache hapo kama pambo, au ununue mkono wa breki ulio peke yake. Mimi niliiacha pambo mwaka mzima, na hakuna aliyeniuliza.

Vitu vya kununua, na vinavyokataana

Nunua chenringi ya meno mapana na membamba yanayopokezana. Hii si urembo. Cheni ina viungo vya ndani vyenye nafasi nyembamba na vya nje vyenye nafasi pana, na jino pana likikaa kwenye nafasi pana cheni haipati pa kuteleza kando. Chenringi yako ya zamani ya katikati ilitengenezwa kwa nia tofauti: meno yake ni mafupi na yamekatwa ili cheni itoke haraka. Ukiitumia peke yake bila direla ya mbele, cheni itadondoka kwenye mizizi ya kwanza ya Karura. Wengi hujaribu kubana pesa hapo, na ndipo hurudi kusema mfumo huu haufai.

Kaseti ichague kwa hesabu yako ya mlima. Kifunga kaseti cha Shimano, yaani ile sehemu ya habu ambayo kaseti huchomekwa juu yake, cha sproketi 8, 9 na 10 ni kile kile, na kaseti nyingi za mlima za Shimano za 11 huingia pia. Zile zinazoanza na meno 10 zinataka kifunga cha aina nyingine, kwa hivyo usibebwe na bei nzuri. Kampuni ya microSHIFT wana kaseti za 11 hadi 42 kwa sproketi 9, na hapo ndipo mimi huwaelekeza watu wengi: cheni ya 9 ni nene kuliko za 11 na 12, inavumilia vumbi, na fundi wa mtaani anaijua.

Direla ya nyuma ndiyo ngumu kidogo. Ile ya zamani ya 8 au 9 huwa imeandikiwa mwisho wa meno 32 au 34. Kuna mafundi wanaoisukuma hadi 36 kwa kukaza skrubu ya B, ile inayopanga pengo kati ya direla na sproketi, na mara nyingi inakubali. 42 haikubali bila kipande cha kuishusha direla chini ya hanga. Kipande hicho kinauzwa na kinafanya kazi, ila mabadiliko ya gia kwenye sproketi ndogo yanakuwa mazito. Ukiweza kununua direla mpya, tafuta yenye klachi, yaani kizuizi kinachoibana springi ili cheni isirukeruke. microSHIFT Advent ya sproketi 9 inayo, na imetengenezwa kwa kaseti ya 42.

Hapa ndipo pesa hupotea. Shifta na direla lazima zikubaliane jinsi waya unavyovutwa. Shifta na direla za Shimano za mlima za 7, 8 na 9 zinachanganyika. Za mlima za 10 zinavuta tofauti. Direla ya 10 kwa shifta ya 9 haitakaa sawa hata ukiirekebisha hadi jua litue. SRAM wana mpango wao, Advent wana wao. Muuzaji akikwambia, "Chukua tu boss, zote ni gia," mrudishie, ukapime mahali pengine. Direla ya Advent inunuliwe pamoja na shifta yake.

Cheni nunua mpya, ya idadi ile ile ya sproketi, pamoja na kiungo cha haraka cha idadi hiyo hiyo. Cheni ya zamani juu ya kaseti mpya inaitafuna. Cheni mpya juu ya kaseti iliyolika inaruka. Kama kaseti yako inabaki, pima cheni: viungo 24, kutoka pini hadi pini, ni milimita 305 cheni ikiwa mpya. Ikikaribia 307, imeshavutika. Ongeza waya mpya wa gia na kava yake ya milimita 4. Kava ya breki ya milimita 5 usiitumie kwa gia, zitayumba. Na kava ya gia usiitumie kamwe kwa breki, inaweza kupasuka ukibana kwa nguvu.

Mwisho, bolti za chenringi. Zile ulizonazo zilishika chenringi mbili, kwa hivyo kwa moja zitakuwa ndefu na zitaisha kukaza kabla hazijabana. Nunua fupi za chenringi moja, au fanya kama nilivyofanya mimi: nilipeleka chenringi yangu kubwa ya 42 kwa fundi wa welding, akaisaga meno yote kwa grinda hadi ikawa sahani laini, akaondoa pia vile vipini vidogo vya upande wa ndani ambavyo vingenasa cheni. Nikairudisha mahali pake kama kinga. Bolti ndefu zikatosha sawasawa, suruali yangu ikapona, na chenringi mpya ikawa na ngao ya kukwea mawe.

Siku ya kazi

Jipe nusu siku. Unahitaji aleni kii za milimita 4, 5, 6 na 8, bisibisi ya nyota, kikata cheni, plaisi kali ya kukata waya, kifaa cha kuvutia krenki, mjeledi wa cheni (mpini wenye kipande cha cheni cha kuishika kaseti isizunguke) na soketi ya kaseti. Viwili vya mwisho omba kwa fundi. Hakuna haja ya kuvinunua kwa kazi ya mara moja.

Osha baiskeli kwanza na uiache ikauke. Kisha kata cheni ya zamani, au fungua kiungo chake. Kata kichwa cha waya wa direla ya mbele, ufungue, uuvute wote utoke. Fungua direla ya mbele kwenye bomba la kiti. Hapo tayari baiskeli inaonekana kama imenyolewa.

Krenki ya kulia: fungua bolti ya katikati, toa na washa yake ikiwa ipo, angalia ndani kwa tochi uhakikishe imetoka. Ingiza kifaa cha kuvutia kwa mkono, kizungushe hadi kiingie chote, ndipo uanze kukaza sehemu ya ndani kwa spana. Nimesema kwa mkono, na nasema tena. Fundi mmoja alinifungia kifaa hicho nyuzi mbili tu akaanza kukaza. Nyuzi za krenki zikang'oka zote, akamalizia kwa nyundo. Krenki ilitoka, na ikaenda moja kwa moja kwa wauza vyuma chakavu.

Krenki ikiwa chini, fungua bolti nne za chenringi kubwa na ya kati, halafu zile za ndogo iliyo nyuma. Safisha mikono ya krenki kwa kitambaa. Weka chenringi mpya upande wa ndani, mahali ilipokuwa ya kati, wala si mahali ilipokuwa kubwa. Cheni lazima itazame katikati ya kaseti. Ukiiweka nje, gia yako nyepesi ndiyo itakayopinda vibaya zaidi, na hiyo ndiyo utakayoitumia ukiwa umechoka. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti, kaza kwa kupokezana pembe kwa pembe kama unavyokaza gurudumu la gari. Bolti za aluminiamu zinataka Nm 8 hadi 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama huna spana ya kupima, tumia upande mfupi wa aleni kii kama mpini na usitumie bomba la kuongeza nguvu.

Rudisha krenki, kaza bolti yake kwa nguvu ya kweli. Ekseli ya pembe nne inataka Nm 35 hadi 50, na ikilegea tundu la krenki linakuwa mviringo na halirekebishiki. Ukitoa pedali wakati wowote katika kazi hii, kumbuka ya kushoto hufunguka kinyume.

Toa kaseti ya zamani kwa mjeledi na soketi, kisha mpya ichomekwe ikifuata njia zake; kuna mkato mmoja mwembamba kuliko mingine, huwezi kukosea ukitulia. Kaza kiduara cha mwisho hadi kilie kr-kr-kr. Funga direla ya nyuma na shifta yake. Kabla ya kuifunga, iangalie hanga kwa nyuma: ikiwa imeinama ndani kuelekea kwenye spoki, na baiskeli iliyosafiri ndani ya kontena mara nyingi imeinama, inyooshwe kwanza. Hakuna skrubu itakayotibu hanga iliyopinda.

Urefu wa cheni: izungushe kwenye chenringi na sproketi kubwa kuliko zote bila kuipitisha kwenye direla. Vuta ncha mbili zikutane, kisha ongeza jozi moja ya viungo, cha ndani na cha nje. Kata hapo. Kama baiskeli ina saspensheni ya nyuma, mtu aikalie na kuikandamiza wakati unapima, maana cheni fupi huvunja direla siku ya shimo la kwanza. Ukiipitisha sasa kwenye direla, hakikisha viungo vya nje, vile vyenye nafasi pana, vimekalia meno mapana ya chenringi. Ukikosea kwa jino moja, cheni itakaa juujuu, utaiona.

Kurekebisha gia

Usianze kuzungusha skrubu zote kwa pamoja. Shusha shifta hadi sproketi ndogo, legeza waya kabisa. Kwa skrubu ya H, weka kigurudumu cha juu cha direla chini ya sproketi ndogo, sambamba nayo. Sasa vuta waya kwa plaisi hadi ukaze, ufunge. Zungusha pedali, bonyeza shifta mara moja. Cheni isipopanda, fungua kirekebishi cha waya, kile kipipa ambapo waya huingia kwenye direla au shifta, kwa kuzungusha nusu mzunguko kinyume cha saa. Ikipanda na kugusa sproketi ya tatu, kaza nusu mzunguko. Nenda hivyo gia moja moja hadi kelele iishe.

Ukifika sproketi kubwa kuliko zote, kaza skrubu ya L hadi direla isiweze kusukumwa kuelekea kwenye spoki hata kwa kidole. Skrubu hii usiifanyie haraka. Cheni ikiingia kati ya kaseti na spoki wakati unapanda, utanunua gurudumu. Mwisho ni skrubu ya B: cheni ikiwa kwenye sproketi kubwa, acha pengo la milimita 5 au 6 kati ya ncha za meno na kigurudumu cha juu, isipokuwa maelekezo ya direla yako yanasema vingine. Pengo likiwa dogo, utasikia kusagana. Likiwa kubwa, gia za chini zitasita.

Sasa jaribu barabarani. Kabla ya kuosha mikono, ipande baiskeli ukiwa na aleni kii na bisibisi mfukoni, utafute mlima mfupi, na ubadilishe gia ukiwa umekanyaga kwa nguvu. Kwenye stendi kila gia ni nzuri.

Wiki za mwanzo

Waya mpya hulegea kidogo baada ya siku chache. Kirekebishi cha waya kitatosha. Bolti za chenringi zikaze tena baada ya safari mbili au tatu. Ukisikia mlio wa kr kila mguu wa kulia unaposhuka, ni bolti hizo au bolti ya krenki, na ukiachia mlio huo uwe muziki utaulipia.

Usipake cheni oili chafu ya injini ambayo watu wa boda boda hupewa bure gereji. Ina unga wa chuma, na vumbi jekundu la Karura likichanganyika nayo unapata msasa. Oili nyepesi, tone kwa kila kiungo, kisha ufute ya nje yote kwa kitambaa. Wakati wa mvua fanya hivyo kila baada ya safari yenye matope, na usichelewe: sasa chenringi moja inabeba kazi ya tatu, na chenringi ya aluminiamu hulika haraka kuliko zile za chuma ulizotoa. Meno yakianza kuchongoka kama ya papa, pindua chenringi itazame upande wa pili ikiwa umbo lake linaruhusu, nawe utapata msimu mwingine.

Cheni ikiendelea kudondoka, fuata mpangilio huu kabla ya kumlaumu muuzaji: urefu wa cheni kwanza, kisha hanga, kisha uchakavu wa cheni, ndipo klachi ya direla kama ipo. Wapo wanaoirudisha direla ya mbele bila waya, wakaifunga juu ya chenringi ili ishike cheni isitoke. Inafanya kazi. Mimi niliifanya wiki moja, mvua ya Novemba ikanyesha, na nikajikuta tena Ruai nikichokora udongo mweusi kwa kijiti mahali pale pale.